Soda za Mwenyekiti na Mizani ya Bwana Shija

Nianze na diploma, kwa sababu najua mnasubiri niitaje. Siku ya kuniaga mlinitania kwamba hata kaburini nitaomba itundikwe. Itundikeni. Niliipata kwa masomo ya jioni nikiwa Zambia, mchana napima malori ya shaba, jioni naingia darasani na vumbi bado liko masikioni. Hakuna mjomba aliyenilipia ada wala mheshimiwa aliyenipigia simu mahali. Mtoto wa kijiji cha Samuye aliyeanza maisha na fimbo ya kuchungia ng'ombe alirudi nyumbani kwa nauli yake mwenyewe, na cheti cha vipimo ndani ya begi. Kijijini wakakiita digrii. Nilikuwa nawasahihisha, ila si kila mara.

Sasa nimestaafu, nafuga mbuzi, na ninyi mliobaki ofisi ya vipimo mmeniomba niwaandikie kitu cha kuwasaidia. Nimechagua jambo moja ambalo chuoni hamkufundishwa: kwa nini uchunguzi wetu huchukua muda mrefu. Nawaona mnavyoingia kazini. Mlalamikaji akija Jumatatu mnamwambia Ijumaa tutakuwa na majibu. Ijumaa mnajificha chooni.

Mimi nilifundishwa na Mzee Komba, mtu wa Songea aliyekuwa amezunguka nchi nzima na mizani yake. Siku yangu ya kwanza Shinyanga nilivaa tai. Nilitaka anipeleke sokoni nikakamate mtu. Badala yake alinipa kitambaa laini na boksi la mawe ya kupimia, akaniambia niyafute hadi saa ya chakula.

"Mzee, mimi nimesoma," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekupa kitambaa," akasema. "Asiyesoma ningempa ufagio."

Nikafuta. Nilipolishika jiwe moja kwa vidole alinipiga kofi dogo la mkono. Jiwe la kupimia hushikwa kwa kibano, kwa sababu jasho la vidole nalo lina uzito, na siku utakayokwenda kupima dhahabu jasho hilo litasema uongo kwa niaba yako. Mpaka leo nikiona kijana anashika jiwe la kupimia kama karanga, mkono wangu unawasha.

Huyo mzee ndiye aliyenionyesha kwamba kila kosa lina msimu wake. Mizani ya pamba inayoibia wakulima huwezi kuikamata wakati pamba haijafunguka shambani. Malalamiko yakifika baada ya ununuzi kufungwa, unasubiri msimu ujao, hata mlalamikaji akulaani vipi. Nkome nilikwenda kuchunguza ndoo za dagaa zilizobonyezwa kitako ili zionekane zimejaa kumbe hazijajaa. Nikafika mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapoegeshwa, nikakuta ndoo zote zimening'inizwa na wavuvi wamelala. Mwezi ulikuwa mkubwa, na dagaa hawavuliwi mwezi ukiwa mkubwa. Nilirudi giza liliporudi. Bosi wangu akaandika kwamba uchunguzi umechelewa kwa sababu za kiufundi. Sababu yenyewe ilikuwa mwezi, ila hakuna sehemu ya kuandika mwezi.

Kwa hiyo nilipohamishiwa Geita nilidhani nimeshajua kila kitu kinachoweza kuchelewesha uchunguzi. Karibu kila kitu, kwa kweli. Hiki nitakachowasimulia nilikigundua mwenyewe, na sijakutana na mkaguzi mwingine aliyekigundua kabla yangu.

Asubuhi moja aliingia ofisini mama wa makamo, gauni lina madoa ya tope jekundu, mkononi ana kipande cha nailoni alichokifunga fundo. Alikuwa Mama Kulwa, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaoosha marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshauosha mara moja wakauacha, na ambao mtu mvumilivu akiuosha tena hupata chembe mbili tatu za dhahabu. Ndani ya nailoni mlikuwa na kazi yake ya wiki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma. "Karibu ukae."

"Sitakaa. Nimekuja kusema mizani ya Shija inakula."

"Inakula nini?"

"Dhahabu. Nikipima kwake inapungua. Nikija kupima kwa sonara hapa mjini inarudi. Dhahabu yangu ina miguu?"

Shija alikuwa mnunuzi mkubwa wa dhahabu kijijini kwao. Nikaandika maelezo yake, akasikiliza nilivyomsomea, akatia sahihi. Kisha akauliza lile swali ambalo wote huuliza.

"Mtamaliza lini?"

"Tukimaliza utajua, mayu."

"Jibu hilo hata mganga hunipa," akasema, na akaondoka.

Nilikwenda na Zainabu, mkaguzi kijana ambaye wengi wenu mnamfahamu, sasa ni bosi wenu. Tulifuata utaratibu. Katika machimbo utaratibu wa kwanza ni kuripoti kwa mwenyekiti wa kijiji, na msithubutu kuuruka. Wapo matapeli wanaovaa vitambulisho shingoni, wanajiita wakaguzi, wanaingia kwa wanunuzi wa dhahabu na kutoka na mizani na dhahabu yao. Mgeni anayekwenda moja kwa moja kwa mnunuzi bila kupita kwa mwenyekiti hupigiwa mwano, yowe la kuita kijiji kizima, na wachimbaji wakitoka mashimoni na nyundo zao hawaulizi kitambulisho kimetolewa na nani.

Mwenyekiti, Mzee Lutonja, alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Alitukaribisha barazani, akatuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo yangu ambayo hakuwahi kuiona. Akachukua simu. "Niletee soda mbili za baridi," akasema, "nina wageni wa serikali." Soda zikaja, jasho linatiririka kwenye chupa. Tukanywa, tukaandika kitabu cha wageni, tukaongozana naye kwa Shija.

Mizani ya Shija ilikuwa sahihi. Niliweka jiwe langu kwa kibano, ikasoma kama inavyotakiwa. Nikaweka dogo zaidi, sahihi. Wanunuzi wa kule huhesabu kwa pointi, gramu moja pointi kumi, na hata pointi moja haikupotea.

Baada ya muda tulirudi tena. Mwenyekiti yuleyule, habari zilezile za mifugo, soda baridi, mizani sahihi. Bosi wangu akaniita.

"Mzee Maige, mizani ni nzima mara mbili. Tufunge jalada."

"Mizani ni nzima," nikasema, "na yule mama ni mzima. Sijaelewa mmoja wao. Nikimwelewa nitafunga."

Aliniachia, kwa shingo upande. Bosi mwenye digrii akibishana na mtu mwenye diploma na nywele nyeupe huishia kusema sawa.

Lakini kijijini mambo yalikuwa yanaharibika. Shija alikuwa amesikia nani amemshtaki, akakataa kununua dhahabu ya kikundi chote. Wanunuzi wengine, wanaokopeshana naye mitungi ya gesi na siri, wakakataa pia. Wale wanawake wakawa wanatembea hadi kijiji cha mbali kuuza chembe zao, na kila wakirudi na miguu imevimba walimtazama Mama Kulwa. Akanipigia simu.

"Wenzangu wamekaa kikao, baba."

"Wamesemaje?"

"Wamenipa mpaka Pasaka. Serikali isiposema kitu, niende kwa Shija mbele ya watu wote nimwombe radhi, niseme nilimsingizia, kisha niachie uenyekiti."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sawa. Ningesema nini? Wana watoto. Kuomba radhi ninaweza. Ila kusema nilisingizia, ulimi wangu utakataa, wataona nimekaidi, na watanifukuza. Kwa hiyo malizeni."

Tulikwenda mara ya tatu. Sitawachosha: mifugo, soda, mizani sahihi. Nilikuwa narudisha mawe yangu kwenye boksi, moja moja kwenye kitanda chake cha velveti, nikiwa nimenuna. Shija akatusindikiza hadi mlangoni akitabasamu, mtu mnene mwenye manukato mazuri.

"Samahani kwa joto, mzee," akasema. "Leo umeme ulikuwa unakatika. Soda zilikuwa bado baridi?"

Nikamwambia zilikuwa baridi, asante. Tukaingia kwenye gari. Tulikuwa tumeshapita makarasha, zile mashine za kusaga mawe ambazo hata kama unamfokea jirani yako hakusikii, nilipomwambia Zainabu asimamishe gari.

"Umesahau kitu, mzee?"

"Shija amejuaje tumekunywa soda?"

Alinitazama. Kisha akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kijiji kizima friji lilikuwa moja. Lilikuwa nyuma ya duka la Shija. Kila tulipofika, Mwenyekiti Lutonja, kwa ukarimu wake wote, alipiga simu kumwagiza mtuhumiwa soda za wakaguzi. Hakuwa amehongwa wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatukirimu. Na sisi tulikaa pale tukinywa taratibu, kwa adabu, tukimpa Shija muda wote aliouhitaji.

Mtasema, si mngekataa tu soda? Jaribuni. Ukikataa kinywaji cha mwenyekiti, kwanza utaulizwa umekosewa nini. Ukikataa tena, atadhani unaogopa kulishwa kitu, maana yake unamwona mchawi. Hapo umeshapoteza shahidi wako wa kijiji, na bila shahidi huna kesi. Mzee Lutonja angeweza pia kupiga simu nyingine kuuliza kwa nini wageni wamegoma, na angemuuliza nani? Mwenye soda.

Zainabu alitaka tumweleze mwenyekiti ukweli. Nilikataa. Mtu mwema akipewa siri huibeba usoni. Nikamwambia tusubiri kidogo.

"Tusubiri nini, mzee, na Pasaka hiyo inakuja?"

"Mwaka huu Ramadhani inaanza lini?"

Alianza kujibu, akaishia njiani, akanielewa. Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikutana. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na kila Kwaresima huwa naacha sukari, mke wangu ni shahidi na ndiye anayeteseka na hasira zangu. Hapakuhitajika uongo hata mmoja. Kuna watu walisema baadaye kwamba ilikuwa bahati. Bahati haisomi kalenda.

Tulifika katikati ya mfungo, saa ambayo wachimbaji huleta mzigo kuuza. Tukasalimiana, tukaulizana mifugo. Mzee Lutonja akanyoosha mkono kwenye simu.

"Mwenyekiti, usijisumbue," nikasema. "Zainabu amefunga. Mimi nami niko Kwaresima, nimeacha vitu vya sukari."

Mkono ukabaki hewani. "Hata maji?"

"Maji nitapokea."

"Mimi hata maji, baba," akasema Zainabu. "Mpaka magharibi."

Nikapewa maji ya mtungini, matamu kwelikweli. Lakini mzee wa watu hakutulia. Alijisogeza kwenye kiti, akatazama uwanja, akatutazama sisi.

"Sasa wageni wa serikali watoke kwangu mikono mitupu? Nina jogoo pale."

"Haturuhusiwi kupokea zawadi, mwenyekiti."

"Si zawadi. Ni aibu yangu naiondoa."

Akainuka. Jogoo naye alikuwa amesikia, akakimbilia kwenye mihogo. Simu ilibaki mezani. Tulikuwa tumeripoti, tumesaini kitabu, kila kitu kwa utaratibu. Nikamwita kwa sauti: "Mwenyekiti, tutakukuta kwa Shija." Akajibu kutoka kwenye mihogo kwamba tutangulie, anakuja naye.

Tulimkuta Shija mezani, mbele yake wachimbaji wawili wamesimama na dhahabu yao iko juu ya mizani. Niliwasalimu, nikajitambulisha, nikaomba waitoe kidogo. Nikachukua jiwe langu kwa kibano nikaliweka. Mizani ikasoma pungufu. Nikaweka kubwa zaidi, ikapunguza zaidi. Kando ya mizani palikuwa na jiwe la kurekebishia, linang'aa, limeandikwa uzito wake vizuri kabisa, ila chini lilikuwa limetobolewa na kujazwa madini ya risasi. Ukiirekebisha mizani kwa jiwe zito namna ile, mashine huamini kwamba kizito ndicho chepesi, na kuanzia hapo kila dhahabu inayopanda inasomeka ndogo. Ukipata habari kwamba wakaguzi wanakunywa soda, unatoa jiwe zuri kwenye droo, unabonyeza kitufe, unairudisha mizani kwenye usahihi wake. Kazi ya muda mfupi kuliko kumaliza chupa.

Mkono wa Shija ulikuwa umeshaanza kutembea kuelekea droo.

"Mikono mezani, kaka," akasema Zainabu, kwa upole kabisa.

"Mbona leo hamkupitia kwa mwenyekiti?" Shija akauliza.

"Tumepitia."

"Mbona haja—"

"Hajapiga simu? Tumefunga."

Wale wachimbaji walikuwa wanatazama mizani, wanatutazama sisi, wanamtazama Shija. Mmoja wao, kijana wa Tabora mwenye kofia ya taa, alianza kuelewa, na uso wake haukuwa mzuri kuutazama. Bahati njema Mzee Lutonja aliingia wakati huohuo, anahema, jogoo kwapani, manyoya kwenye fulana. Nikamwambia tunahitaji shahidi wa kijiji.

"Shahidi wa nini?"

Nikamwonyesha. Nikapima mbele yake mara ya pili, na mara ya tatu kwa sababu jogoo alimpiga bawa akakosa kuona. Yule kijana wa Tabora akasema, "Huyo jogoo naye apimwe hapo, tuone atabaki kifaranga." Watu waliokuwa mlangoni wakacheka, na hasira ikapungua chumbani. Nimekamata wengi, lakini sijawahi tena kupata shahidi anayesaini huku ameshikilia jogoo.

Tulipokuwa tunafunga mizani kwenye mfuko na kuipiga lakiri, mwenyekiti alinisogelea.

"Ina maana zile soda..."

"Zilikuwa nzuri sana, mwenyekiti."

"Mimi niliwapa kwa moyo."

"Najua. Nimeandika hivyo kwenye taarifa yangu." Na niliandika hivyo kweli, kwa sababu mtu asiye na kosa naye aandikwe.

Hapo vijana wengi mngedhani uchunguzi umekwisha. Zainabu alidhani. Alitaka tumpitie Mama Kulwa siku ileile. Nikamwambia hapana, maana mpaka maabara ya Mwanza ipime na kuandika, sisi tumeona tu, hatujathibitisha. Mkaguzi anayetangaza kabla ya maabara humpa wakili wa upande wa pili zawadi kubwa kuliko jogoo. Zikapita wiki: maelezo ya wachimbaji, maelezo ya sonara, maelezo ya Shija ambaye kila tukimwita alikuwa na msiba. Ramadhani ikaisha, Idi ikaliwa, Jumapili ya Matawi ikaingia, na Mwanza kimya.

Mama Kulwa hakupiga tena simu. Hilo lilinisumbua kuliko angepiga.

Jumatano ya wiki kuu nilipanda basi la kwanza kwenda Mwanza. Mtu wa maabara aliniambia kifaa chetu kiko kwenye foleni, kikiwa tayari watatutumia.

"Kitafika baada ya Pasaka," nikasema.

"Labda."

"Basi nitakaa hapa."

Nikakaa kwenye benchi lake. Nikamweleza habari za Zambia, na jinsi nilivyopata cheti changu, na jinsi Mzee Komba alivyonifutisha mawe. Sikuharakisha simulizi. Nilipoanza sehemu ya mitihani aliinuka akaenda kuchukua mizani ya Shija. Nadhani alivutiwa na mazungumzo. Kesho yake mchana nilikuwa na karatasi yenye muhuri, na jioni Shija, aliposomewa, alikiri na kuomba kosa lake lififilishwe, yaani alipe faini yaishe bila kwenda mahakamani. Sheria inaruhusu. Sharti letu lilikuwa moja zaidi ya yale ya kawaida: atangaze mwenyewe, mbele ya kikundi.

Kikao chao kilikuwa Jumamosi, kwenye kivuli cha paa la bati pale wanapoosha. Tulipofika na Shija na Mzee Lutonja, wanawake walikuwa wamekaa kwenye ndoo walizozipindua, na Mama Kulwa amesimama mbele yao peke yake, amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kanisani au mahakamani. Hakututazama. Alidhani tumekuja kushuhudia akiomba radhi.

"Mwangaluka," nikasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," wakaitikia, wachache.

Zainabu akasoma matokeo. Alisoma kwa sauti, sentensi fupi, na baada ya kila sentensi mama mmoja wa mbele akayageuza kwa Kisukuma kwa ajili ya vikongwe wa nyuma. Kisha Shija akasimama akasema mwenyewe alichokuwa anafanya. Alisema kwa sauti ndogo, wakamwambia aongeze, akaongeza. Alipomaliza, Mzee Lutonja alikohoa akasema kijiji kimesikia.

Yule mama aliyekuwa anatafsiri akainuka kwenye ndoo yake. Alikuwa ndiye aliyeitisha kile kikao cha kwanza, nilijua baadaye. Akaisogeza ndoo hadi mbele, akaipangusa kwa upande wa kanga.

"Kaa, mwenyekiti wetu," akasema.

Mama Kulwa hakukaa mara moja. Alinigeukia mimi.

"Uchunguzi umekwisha, baba?"

"Umekwisha, mayu."

"Umekwisha kabisa? Hakuna kwenda Mwanza tena?"

"Kabisa."

"Wabeja," akanishukuru, na akaketi. Akafungua fundo la nailoni, akamwambia Shija alete ile mizani mpya tuliyoikagua asubuhi. Ilikuwa bado na stika yetu. Shija akaiweka juu ya ndoo nyingine, akamimina dhahabu ya mama haraka ili aondoke, na chembe moja ikadondokea pembeni. Mama Kulwa akaiokota kwa ncha ya kidole, akairudisha juu ya sahani.

"Pima taratibu, Shija," akasema. "Sisi kusubiri tumezoea."